Sentensi Ambayo Kaka Hakuisema

Nina daftari la jalada la bluu ambalo nimeshindwa kulichoma. Ukurasa wake wa kwanza una maneno haya, kwa mwandiko wangu wa haraka: "Kukosekana bila ruhusa: askari hayupo anapotakiwa kuwepo. Kutoroka jeshi: hayupo, na amekusudia asirudi." Chini ya neno "amekusudia" kuna mistari miwili. Kaka ndiye aliyenitajia maneno hayo, mimi nikaandika, na ile mistari niliipiga mwenyewe. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba sikujua.

Siku ile tulikuwa nyuma ya nyumba yetu, Ikinga, kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Kaka alikuwa koplo na alikuwa amekuja likizo. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Tunduma, nafundisha Kiswahili katika shule moja ya binafsi, na kila nikitoka darasani naandika. Nilikuwa nimeshinda shindano moja la hadithi fupi, hata gazeti likaniandika. Tulikuwa na kikundi cha waandishi vijana, kila Jumamosi tunasomeana kazi zetu na kusifiana mpaka mtu anarudi kwake anaona barabara ni finyu. Nilitaka kuandika riwaya ya askari. Nikamwomba kaka anifundishe sheria za jeshi.

"Zote?" aliuliza.

"Za msingi tu."

"We raia, hizo za msingi ndizo zinazotutoa jasho."

Aliniita raia tangu siku aliyorudi mara ya kwanza na sare, na mimi nilipenda, kwa sababu alilitamka kama jina la mtoto. Akaokota punje tano za kahawa, akazipanga kwa mstari kwenye ubao wa kichanja.

"Huyu mimi. Huyu sajini wangu. Huyu luteni. Huyu kamanda wa kombania. Huyu wa mwisho, mkubwa wa kikosi. Nikiwa na shida, naanza kwa huyu aliye juu yangu. Simruki."

"Na kama sajini wako ni mjinga?"

"Basi shida yangu itapita kwa mjinga." Akacheka. "Lakini itapita. Ukimruka, hata wale wa juu wanakuona wewe ndiye mjinga."

Akaniambia kwamba yapo makosa ambayo kamanda huyamaliza mwenyewe: kuchelewa gwaride, sare chafu, kumjibu vibaya mkubwa wako. Unasikilizwa, unafungiwa kambini siku kadhaa, unafyeka nyasi, yanakwisha. Yapo makubwa yanayokwenda mahakama ya kijeshi. Huko unasomewa shtaka, unaulizwa unakiri au unakana, unapewa afisa wa kukutetea, unaita mashahidi wako, na ukishindwa unakata rufaa.

"Kumbe mna haki zote hizo?"

"Ulidhani tunapigwa viboko tu tukiwa tumejipanga?"

Nikamuuliza kuhusu askari anayechelewa kurudi likizo. Hapo ndipo aliponitajia yale mawili, kukosekana na kutoroka. Nikamwambia moyo wa mtu hauonekani, sasa hao wakubwa watajuaje alichokusudia?

"Wanaangalia ulichofanya na ulichosema," alijibu. "Umeuza sare? Umetafuta kazi nyingine? Umemwambia mtu kwamba hurudi? Hayo ndiyo wanayoyatafuta. Mengine yote ni kuchelewa."

Nikapiga mistari yangu miwili. Niliona nimepata riwaya.

Baba alikufa mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, mvua zikiwa hazikatiki na barabara ya kupanda kwetu imekuwa uji. Kaka alipewa ruhusa ya siku kumi. Alifika akiwa na tope mpaka magotini, akasimama mbele ya jeneza kwa ukakamavu, akapiga saluti. Wanawake wakaangua kilio upya kwa ile saluti.

Katika ukoo wetu, baba akifa, mtoto wa kiume wa kwanza hukaa mkekani karibu na mlango wa mbele. Havai viatu wala mkanda. Hatoki nje ya mipaka ya shamba mpaka dada wa marehemu amnyoe nywele na kumkabidhi mundu wa baba yake. Akishakabidhiwa, nyumba inahesabiwa kuwa ina mwenyewe na matanga yanaanuliwa. Kabla ya hapo wazee husema nyumba iko wazi, na jinsi wanavyolitamka neno hilo, hakuna mtoto wa kwetu anayetaka kulisikia likisemwa juu ya nyumba yao.

Baba alikuwa na dada mmoja tu. Aliolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambako kutoka chumbani kwangu Tunduma unaweza kuona mabati yake. Lakini wakati baba anakufa shangazi alikuwa amelala na mguu uliovimba kama mgomba, hawezi hata kukanyaga chini. Akatuma ujumbe: msimnyoe, nakuja.

Siku zikaenda. Siku ya sita kaka aliomba wazee wamruhusu apande kilimani karibu na kanisa, mahali pekee simu inaposhika vizuri. Wakamruhusu kwa sababu kilima kiko ndani ya shamba la ukoo. Nikamfuata. Upepo ulikuwa mkali, akaweka sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia kila neno. Alisimama wima, miguu peku, kana kwamba sajini anamwona.

"Afande, shikamoo. Naomba nyongeza ya siku. Mila zetu hazijakamilika."

"Marahaba. Pole sana, koplo. Ombi lako nimelisikia na nitalipeleka juu. Ila nisikilize vizuri: kuomba siyo kuruhusiwa. Ruhusa yako inaisha Jumapili saa kumi na mbili jioni. Usipopigiwa simu, Jumapili nakutegemea getini."

"Nimeelewa, afande."

Hakupigiwa. Alipanda kilimani mara tatu na simu ikawa kimya. Jumamosi asubuhi akaanza kupiga pasi sare yake kwa pasi ya mkaa. Mama alikuwa jikoni akamwona. Hakupiga kelele. Alikuja akasimama mlangoni mkono mmoja ukiwa na unga, akasema:

"Baba yako hana hata majuma mawili ardhini. Unamwachia nani nyumba iko wazi?"

Kaka aliitua pasi kwenye jiwe. Alikaa mkekani, na mimi nikakaa karibu naye. Mkaa ukazimika ndani ya pasi. Kisha akasema na mimi, kwa sauti ya chini, kama anayeniagiza dukani.

"Nitamsubiri shangazi. Najua ni kosa na najua uzito wake. Watanivua cheo, watanifungia kambini, nitafyeka nyasi mpaka Krismasi. Hilo nitalibeba, halinitishi. Sasa wewe mwandikie sajini wangu. Sema shangazi anaumwa mguu. Sema yeye tu ndiye anayeninyoa. Sema akishaninyoa narudi siku hiyo hiyo. Mistari mitatu inatosha."

"Sawa, kaka."

"Mitatu, raia."

"Nimesikia."

Sheria alizonifundisha zilikuwa ndani ya ile mistari mitatu. Alimtaja sajini, kwa sababu ndiye aliye juu yake. Alitaja sababu. Alitaja kwamba anarudi. Hata mtoto wa darasa la nne angeiandika barua ile vizuri.

Lakini baba mdogo alikuwa amesikia neno barua. Baba mdogo aliwahi kuwa katibu wa chama cha wakulima wa kahawa, na tangu wakati huo anaamini hakuna mlango usiofunguliwa na karatasi yenye muhuri.

"Sajini ni nani?" alisema. "Barua inakwenda kwa mkubwa mwenyewe, na inapita kwa mtendaji wa kata igongwe muhuri. Unajua mtoto wa jirani yetu alivyofukuzwa shule? Nilimpelekea mwalimu mkuu barua yenye muhuri wa kata. Kesho yake mtoto yuko darasani, tena kapewa dawati la mbele!"

"Baba mdogo, jeshi siyo shule," nilisema, kidogo tu, kwa adabu.

"Kwani huyo mkubwa wa jeshi hakuzaliwa? Hana baba? Wewe si ndiye mwenye kalamu humu ndani? Gazeti limekuandika. Andika alie."

Andika alie. Nilipaswa kukataa, na sikukataa kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutaka. Nilikaa kwenye meza ya baba, ile yenye mguu mmoja uliotiwa kipande cha bati, na nikaona mistari mitatu ni dharau kwa marehemu. Mguu wa shangazi! Riwaya gani inaanza na mguu wa shangazi? Sikutaka hata kuandika "Husika na kichwa cha habari hapo juu" kama waandikavyo watu wote wenye shida. Nilianza na mvua. Niliandika kurasa mbili. Niliandika saluti ya kaka mbele ya jeneza, nikaandika mundu wa baba ukiwa umetundikwa ukutani ukimsubiri mkono wake. Na karibu na mwisho, kalamu ikiwa imepata moto, niliandika hivi:

"Moyo wake umekwisha kuivua sare, ameuchagua udongo wa baba yake, na juu ya udongo huo haondoki tena."

Niliisoma kwa sauti mara mbili. Nakumbuka nilitabasamu, katika nyumba ya msiba, baba yangu akiwa hana hata siku kumi kaburini. Lile daftari la bluu lilikuwa ndani ya mkoba wangu, hatua mbili kutoka pale nilipokaa. Na neno la kwamba atarudi nililisahau kabisa.

Ofisini kwa mtendaji, karani aliisoma mpaka mwisho, akafuta jicho kwa ncha ya kitenge.

"Dada, umeniliza," alisema, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukatokea upande wa pili.

Baba mdogo aliipeleka mwenyewe posta Vwawa. Alirudi na risiti, akaiweka ndani ya Biblia. Kaka akaniuliza akiwa palepale mkekani:

"Umeandikaje?"

"Vizuri."

"Nipe nakala nisome."

"Haina nakala. Usiwe na wasiwasi, kaka, nimeandika vizuri sana."

Aliniangalia, kisha akatikisa kichwa kukubali. Sijui kama aliniamini au alikuwa amechoka. Siku hizo hakuwa na ruhusa ya kuoga mwili mzima, uso wake ulikuwa na vumbi la majivu, na nilijiona ninamtunza.

Shangazi alifika siku kumi na mbili baada ya ile Jumapili. Alishushwa kwenye pikipiki na vijana wawili, mguu umefungwa kwa khanga. Alipoona watu wanakimbilia kumbeba alipunga mkono, "Awe, awe!", akikataa kwa lugha ya ng'ambo aliyoizoea, "nitatembea, kaka yangu hakunizoeza kubebwa." Alfajiri ya pili yake akamnyoa kaka kwa wembe, taratibu, anamsimulia baba yetu alivyokuwa mtundu utotoni. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Akamkabidhi mundu. Kaka akaushika, akaugusisha kwenye kizingiti mara moja, akamrudishia mama autundike. Kisha akainuka, akavaa sare ambayo ilikuwa imenyooshwa majuma mawili kabla, akavuta mkanda tundu moja zaidi kwa sababu alikuwa amekonda.

"Hata chai hunywi?" mama aliuliza.

"Nimechelewa, mama."

Bodaboda ilimshusha Itumba, akapata gari la Mpemba, kutoka hapo akadandia basi la barabara kuu. Siku ya pili yake jioni aliripoti mwenyewe kwenye geti la kikosi chake, mbali sana na kwetu, kichwa kimenyolewa, viatu vinang'aa.

Barua ilikuwa imefika kabla yake. Sajini hakuwa ameiona. Kwenye meza yake alikuwa na kosa la kuchelewa tu, na adhabu yake alikuwa anaijua. Lakini barua yangu ilikuwa imeanguka juu kabisa, kwenye punje ya tano, na kutoka huko ikashuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiiwekea saini. Ilipofika kwa sajini tayari ilikuwa ushahidi. Getini kaka alivuliwa mkanda na kofia, akapelekwa mahabusu. Shtaka liliandikwa kutoroka jeshi.

Afisa wa kumtetea alinipigia simu. Alikuwa kapteni kijana, mwenye sauti ya upole.

"Dada, kaka yako ameomba uje kuwa shahidi. Utakuja?"

Nilisafiri siku moja na nusu. Nje ya ukumbi wa mahakama kulikuwa na mti wa mwarobaini uliopakwa chokaa shinani, na mawe yaliyopangwa kwa mstari, yote meupe. Kapteni alinisimamisha hapo, akaniambia nimtazame machoni.

"Kazi yako ni moja tu. Utaulizwa kama maneno yale ni ya kaka yako. Sema hapana, ni yangu, niliyatunga. Alirudi mwenyewe, hakuuza kitu, hakutafuta kazi, alipiga simu kuomba siku. Kesi yetu ni nzuri. Kinachotuumiza ni sentensi moja. Uiue ile sentensi. Usipambe."

"Nimeelewa."

Nilisema nimeelewa kama nilivyosema nimesikia kwa kaka.

Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na maafisa wameketi nyuma yake. Kaka alisimama katikati ya askari wawili, bila kofia, bila mkanda. Alikuwa kama alivyokuwa mkekani. Alitazama mbele, juu kidogo ya vichwa vya maafisa. Aliposomewa shtaka alijibu kwa sauti kavu: alikana kutoroka, akakiri kukosekana bila ruhusa siku kumi na nne. Aliulizwa kama aliisoma barua kabla haijatumwa. Akasema hapana. Aliulizwa kama anaijua sheria. Akasema ndiyo, afande, na nimewahi kuifundisha.

Niliitwa. Nikaapa. Mwendesha mashtaka alikuwa meja mwenye miwani, mtu wa makamo, mtulivu, anashika barua yangu kwa ncha za vidole kama mtu anayeheshimu karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele.

"Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiyo, afande."

"Umesomea uandishi?"

"Ninaandika hadithi, afande. Na sasa riwaya."

"Inaonekana. Barua hii imepita mikono mingi pale ofisini, na si kwa sababu ya kesi tu. Ni nzuri kweli."

Nilikuwa nimekaa basini siku moja na nusu nikijiita muuaji, na hapa, mbele ya mtu aliyekuja kumwangamiza kaka yangu, nilifurahi. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilifurahi.

"Nieleze," akaendelea. "Sisi siyo watu wa fasihi. Mwandishi mzuri hubuni tu, au huandika ukweli?"

"Huandika ukweli, afande. Ukweli wa ndani, ule ambao watu wengine hawauoni."

"Ukweli wa ndani. Na hapa," akaweka kidole kwenye mstari uliopigiwa wino mwekundu, "huu ni ukweli wa ndani wa nani?"

Nilimwona kapteni amefumba macho. Nilikuwa na jibu lake mdomoni. Lilikuwa jibu fupi, hapana, niliyatunga, lakini kulitamka kulikuwa ni kuwaambia watu wale wote kwamba sentensi yangu nzuri kuliko zote ilikuwa uongo.

"Wa kaka yangu," nilisema.

"Asante. Sina swali jingine."

Kapteni alisimama upesi, akajaribu kuniokoa.

"Shahidi, kaka yako alikutamkia maneno haya?"

"Hapana."

"Kwa hiyo uliyatunga."

"Niliyahisi, afande."

"Uliyatunga au hukuyatunga?"

"Niliya... nilimwona pale mkekani, nikahisi ndivyo alivyo."

Karani aliandika. Nilisikia kalamu yake. Nilipojaribu kuongeza neno, mwenyekiti wa mahakama akaniambia kwa upole kwamba nimejibu na naweza kukaa. Nilimtazama kaka. Hakugeuza kichwa. Nimefikiria mara nyingi kwamba angegeuka, hata kwa hasira, ningepata la kushika. Lakini alikuwa amesimama kwa ukakamavu, na askari aliyesimama kwa ukakamavu hageuki.

Walimtia hatiani kwa kutoroka. Walimpa kifungo cha miezi minane na kumfukuza jeshini. Alikata rufaa, akaiandika mwenyewe akiwa kifungoni. Baadaye nilikuja kuiona nakala yake. Ilikuwa na sentensi nne: "Sikusema maneno yaliyo kwenye barua. Sikuisoma barua. Nilichelewa kwa siku kumi na nne na nimekiri. Nilirudi mwenyewe." Jibu lilisema rufaa imekataliwa, kwa kuwa maana ya maneno yale ilithibitishwa mahakamani na shahidi wa upande wake, ambaye ni dada yake wa damu.

Alirudi Ikinga na mfuko wa plastiki. Mama alimpokea kwa ugali na maharage ya nazi aliyojifunza kupika kwa ajili yake tu. Mundu ulikuwa ukutani, nyumba ina mwenyewe, na mama mpaka leo anaamini tulifanya sawa, kasoro wakubwa wale hawana huruma. Baba mdogo ana maelezo yake. "Muhuri wa kata ulikuwa mdogo," husema. "Tungekwenda wilayani." Kaka alimsikia akisema hivyo, akatoka nje akapasua kuni mpaka jioni.

Sasa ni mlinzi Tunduma, kwenye uwanja wanapoegesha malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Madereva wanamwita afande kwa utani. Mwanzoni alikuwa akiwajibu, "Mimi ni raia kama ninyi." Siku hizi hajibu. Anaripoti saa kumi na mbili kamili asubuhi, dakika kumi kabla kwa kweli, na ana daftari la matukio ambalo tajiri wake hajawahi kulifungua. Hulijaza hivyo hivyo. Napitia pale nikienda shuleni, nampelekea vitumbua, naye huvipokea na kusema asante. Siku moja alikwenda kukagua lango la nyuma, nikalifungua daftari lake.

"Saa 12:00 asubuhi. Nimepokea lindo. Malori 31. Moja halina taa ya nyuma, dereva ameambiwa. Saa 4:20. Mvua. Saa 5:05. Mvua imekatika. Hakuna tukio."

Nilisoma kurasa nyingi. Hakuna mahali aliposema mvua ilikuwa ya huzuni. Nilirudi chumbani nikaifungua riwaya yangu ya askari, kurasa mia mbili na kitu, nikatafuta sentensi moja ambayo ningethubutu kuiapia. Sikuimaliza riwaya ile. Wenzangu wa Jumamosi wanauliza, nawaambia bado inaiva.

Kaka hajawahi kuniita raia tena. Ananiita kwa jina langu, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kumwita dada yake kwa jina.

Haya niliyoyaandika hapa nilimpelekea kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimkuta kwenye kibanda chake, asubuhi, foleni ya malori imefika mpaka barabara ya lami. Nilimwambia, kaka, hii ni habari yako, soma, chochote ambacho hukusema au hukufanya kifute. Alizichukua karatasi. Alisoma polepole akiwa amesimama, kalamu ya daftari la matukio mkononi. Dereva mmoja alipiga honi, akatoka akamfungulia, akaandika saa, akarudi akaendelea pale alipoachia.

Alikata mahali patatu. Niliandika kwamba siku ya hukumu chozi lilimtoka, akakata, pembeni akaandika: "Sikulia." Niliandika kwamba sajini alimhurumia, akakata, akaandika: "Sijui." Nimepaondoa pote pawili, kama mnavyoona.

Mahali pa tatu palikuwa mwisho kabisa. Nilikuwa nimeandika aya nzima, fupi, nikaifanyia kazi kwa majuma mawili, inayosema kwamba asubuhi moja, katikati ya ngurumo za malori, alikipokea kitumbua kutoka mkononi mwangu na nikajua amenisamehe. Aliisoma. Akaisoma tena. Akaipigia mstari mmoja ulionyooka kutoka juu mpaka chini, kama wanavyofunga ukurasa wa lindo lililokwisha, akanirudishia karatasi zangu.

"Hapa nilisema lini?" aliuliza.

"Hukusema."

"Basi futa."